Kiazi cha Teoti

Shangazi yangu Ripeka alinihadithia haya mara moja tu, akiosha vyombo, na hakupenda niulize maswali.

Asubuhi ile mumewe, Teoti, alikuwa anakwenda kutega samaki wa mikunga katika mto Waiau. Alisimama mlangoni akitania, kama kawaida yake.

"Leo usiunguze mkate, mke wangu."

"Wewe chelewa tu. Utakula makaa."

Hakurudi. Wanaume walimtafuta siku tisa, mvua ikinyesha. Mbwa walifika ukingo wa msitu, wakakaa chini, wakagoma.

Siku ya kumi, mchana kweupe, Teoti alikuwa langoni. Uchi wa mnyama, miguu imepasuka, nywele zimefika mabegani. Mtu hafugi nywele hizo kwa siku kumi.

Ripeka alitaka kumkimbilia. Mama mkwe wake, Bibi Pirihira, akamdaka mkono.

"Ngoja, mwanangu. Anayekaa na maero, wale watu-mwitu wa kule msituni, hula vibichi kama wao, mwisho huota manyoya kama wao. Asivuke kizingiti kabla hajala kilichopikwa. Akila, ni mtu, ni wetu. Akikataa, funga mlango."

"Mama, ni Teoti!"

"Basi atakula."

Ripeka alitoa kiazi chunguni, akakipeleka langoni. Alimpenda mumewe kupita kiasi, nami simlaumu. Yule mtu alikinusa kiazi. Akageuza uso, akatapika maji ya kijani.

"Kula," Ripeka alinong'ona. "Nakuomba, kula."

Yule mtu akamtazama. Kwa muda mrefu. Akang'ata. Akatafuna, machozi yakimtoka. Akameza.

"Ripeka," akasema polepole, kama anayeonja neno hilo kwa mara ya kwanza.

Walimwingiza ndani, wakamnyoa, na Bibi alilia kwa furaha. Baada ya wiki moja alikuwa akichanja kuni na kuoka mkate mwenyewe. Ila hakutania tena.

Wiki ya tatu alikuja polisi. Mto ulikuwa umetoa maiti. Koti la Teoti. Kisu cha Teoti. Uso ulikuwa umeliwa na mikunga.

Bibi akashika meza. "Nilisema akila atakuwa mtu," alinong'ona. "Sikuuliza mtu gani."

Polisi alimtaka Ripeka aende kumtambua marehemu. Jikoni, yule mtu aliacha kukanda unga. Hakugeuka. Alisubiri.

"Mume wangu yule pale jikoni," Ripeka alisema. "Huyo wenu simjui."

Basi Bibi alimzika maiti peke yake, bila jina, kando ya kaburi la marehemu mumewe. Alfajiri alirudi kumwombea. Udongo ulikuwa umejaa nyayo za miguu mitupu, mipana, ya wakubwa na ya watoto. Zote zilitoka msituni. Juu ya kaburi maero walikuwa wameweka nywele walizojikata, ndefu, nyekundu, ngumu, kama sisi tunavyokata zetu tukimlilia mtu wetu.

Bibi alikaa chini palepale. Mpaka anakufa hakujua yupi alikuwa mwanawe: yule aliyemzika, au yule aliyekuwa akimsubiri nyumbani na mkate wa moto.