Kuku Aliyesimama Juu ya Saruji

Binti mmoja aitwaye Kimya aliona kwanza miguu ya kuku. Kuku wa jirani alikuwa amepanda juu ya lundo la mchanga na saruji lililokorogwa tangu asubuhi. Akajikuna shingo, akashuka zake. Hakuacha hata alama.

Ndugu zangu, siku hiyo nyumba ile ilikuwa imetulia. Mama alikuwa akichambua mboga kivulini. Bibi alikaa kwenye kigoda, akitazama chumba chake kipya kikipanda tofali kwa tofali. Chumba alicholala kilivuja, na mvua ilikuwa karibu. Asubuhi ile Baba, fundi wa ujenzi anayesifiwa mtaa mzima, alikoroga mchanga na saruji kuwa udongo wa kujengea, akapanga safu moja, kisha akasikia vicheko vya kijiweni.

"Naenda mara moja," alisema, akifuta mikono kwenye suruali.

"Mara moja yako naijua," Mama akajibu. "Na udongo huu je?"

"Hauna miguu, mama watoto. Nitaukuta hapo hapo."

Kijiweni palikuwa na ubao wa drafti na vifuniko vya chupa. Baba hakunywa pombe wala hakumpiga mtu, ndiyo maana watu hawakuuona ugonjwa wake. Lakini akishakaa mbele ya ubao ule, hata nyumba yake ingewaka moto angeomba kwanza amalize mchezo.

Baada ya kuku yule kushuka, Mama alimtuma binti yake akamwite. Jina la Kimya walimpa kwa sababu ya aibu yake. Alisimama pembeni ya wachezaji, akivuta upindo wa gauni.

"Fundi, wamekuja kukukamata!" mmoja akacheka. "Ila askari mwenyewe hana hata filimbi."

"Sema, mwanangu," Baba alisema bila kuinua macho.

"Mama anakuita."

"Mwambie namla huyu, nakuja."

Baba alirudi jua limeshainama. Akapiga chepe kwenye lundo, likalia kama jiwe. Akaliponda, akalimiminia maji, akakoroga mpaka likalainika. Kwenye nyumba ya mtu mwingine asingethubutu. Angeutupa udongo wote. "Udongo umeamka," akasema, akajenga haraka haraka hadi juu. Kimya, aliyekuwa akimletea maji, alifungua mdomo, akaufunga.

Jamani, saruji ikishaanza kushika, maji huilainisha machoni tu. Nguvu yake imeshakwenda.

Siku chache baadaye Baba alikuwa kijiweni tena. Bibi aliingia kwenye chumba chake kipya, fimbo mkononi, Kimya nyuma yake.

"Kitanda nitakiweka hapa," Bibi alisema, akiuegemea ukuta. "Jua la asubuhi linipige miguu, uso liniachie."

Kimya alicheka. Kisha akaona mchanga mwembamba ukimwagika begani mwa Bibi.

"Bibi, toka!"

Sauti ile hata yeye mwenyewe hakuijua. Alimvuta mkono, wakaanguka wote mlangoni, na matofali ya juu yakaporomoka pale pale Bibi alipokuwa amesimama.

Baba alikuja mbio, kifuniko cha chupa bado kimo mkononi. Alimkuta mama yake anajikung'uta vumbi.

"Mimi nimepona," Bibi alimwambia. "Na wewe, umeshinda?"

Baba aliinama. Aliokota tofali moja. Udongo uliolishika ukapukutika kama unga.

"Kuku alisimama juu yake, Baba," Kimya alisema. "Hakuzama."

Baba akamtazama. Kisha akachukua nyundo, akabomoa ukuta ule mwenyewe mpaka kwenye safu iliyoshika. Tangu hapo alikoroga kidogo kidogo, udongo wa kutosha kumalizika kabla hajainuka. Mvua ilipofika, Bibi alilala pakavu.

FUNZO

Wazazi, starehe isiyo na ubaya nayo inaweza kubomoa nyumba, ikila saa ambazo kazi na watoto wanakungoja. Udongo uliolala mpaka ukaanza kushika utupe, usimjengee mtu, tena usimjengee mama yako. Na wewe uliyeona kosa, sema, hata kama sauti yako ni ndogo.

Kimya alibaki na neno moja ambalo alikuwa hajalitoa. Alilisema jioni moja, akimshikia Baba karai:

"Siku ile kijiweni, Baba, si Mama peke yake aliyekuwa anakuita. Hata mimi nilitaka urudi nyumbani."