Kisanduku cha Mzee Hezekiah

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumkatia Nyakairu, ng'ombe wa Cucu, nyanya yangu niliyeishi naye, majani ya nepia. Ya pili, niliyoipenda zaidi, ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba nikikagua visanduku vya intaneti na kuwadharau wenye nyumba.

Naitwa Wacera. Wakati huo nilikuwa Gredi ya Nane, na nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa Gatwara, kijiji chetu kilicho bondeni nje kidogo ya mji wa Karatina. Simu hazishiki huko kwetu kwa sababu vilima viwili vimetubana. Zamani, mtu aliyetaka kupiga simu alipanda hadi kituo cha maziwa, mwendo wa dakika arubaini, akifika huko anahema hawezi hata kusema haloo.

Ndipo injinia kijana aitwaye Maxwel alipokuja kutoka Nyeri mjini na visanduku tisa vyeupe. Cha kwanza kilifungwa kituoni, penye intaneti ambayo simu zetu zingepitia. Vingine viliwekwa sebuleni mwa watu, kila kimoja na antena yake juu ya paa, nyumba baada ya nyumba hadi kwa Cucu mwisho wa bonde. Kila kisanduku kilipokea mawimbi kutoka kwa jirani na kumpitishia jirani anayefuata, kama watu waliopanga foleni wakipokezana ndoo za maji kutoka mtoni. Lakini mmoja akiangusha ndoo, wote walio nyuma yake hukosa maji. Bonde letu ni jembamba na hakuna njia nyingine ya kupitishia.

Maxwel alikaa siku mbili, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, akala kuku wa watu, akaenda zake. Ndani ya kila kisanduku aliacha programu ya kukiendesha. Ukiifungua kwa simu unaona ukurasa uliojaa Kiingereza kigumu, na vitufe kumi na viwili, kimojawapo cha kufuta kila kitu. Alitufundisha wanafunzi watatu wa chama cha kompyuta. Wenzangu wawili walichoka kabla ya mwezi kuisha. Mimi nilibaki, na kichwa kikavimba.

Nilikuwa na daftari ambalo nyuma yake niliandika orodha niliyoiita Wajinga wa Wiki. Mama Lynn aliingia kwa kufunika kisanduku chake na kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio, meza na migongo ya viti, mpaka kikapata joto na kuzimika. Jirani yake Mutahi aliingia kwa kubonyeza kile kitufe cha kufuta. Mzee Hezekiah aliingia mara nne, kwa sababu taa ya kisanduku ilikuwa nyekundu.

"Taa ya red inakula tokeni za stima," alinieleza. "Hata kwa gari, red ni kusema simama. Mimi nikaona nichomoe."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nyekundu ilimaanisha kisanduku kinafanya kazi vizuri! Maxwel ndiye aliyechagua rangi hiyo, na mimi sikuwahi kujiuliza ni mtu wa aina gani anayechagua nyekundu kusema mambo ni sawa. Nilijiuliza tu kwa nini Mungu alifanya nizaliwe miongoni mwa washamba.

Basi nikaweka neno la siri. Mtu akibonyeza chochote, au stima zikipotea na kurudi, kisanduku kilisimama na kungoja neno ambalo mimi peke yangu nililijua. Nilifikiri nimemaliza shida za Gatwara.

Siku chache baadaye Mzee Hezekiah alikuja kwetu, kofia mkononi.

"Wacera, stima ikienda na ikirudi, hii kitu inaniuriza maswari," alisema. "Niandikie kwa karatasi, nijue nitafanya nini."

"Mzee, wewe usiguse tu," nilimjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu. "Hata nikikuandikia hutaelewa."

Mzee ni mtu aliyelea watoto sita na kupanda kahawa kabla mama yangu hajazaliwa. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa," akavaa kofia yake, akaondoka.

Jumamosi moja alfajiri stima zilipotea kwa muda mfupi huko kilimani kwa Mzee Hezekiah, zikarudi. Sikujali. Nyakairu alikuwa akingoja kuzaa wiki hiyo. Maziwa yake ndiyo yaliyonisomesha, na Cucu alikuwa ameomba kanisani ndama awe wa kike. Saa mbili asubuhi niliitwa zizini. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, akinguruma, macho yamemtoka. Cucu aliosha mikono kwa sabuni, akaingiza mkono kupima, akatikisa kichwa.

"Ndama amekaa vibaya. Mguu moja imerudi nyuma. Hii mimi siwezi. Ita Munene, haraka!"

Munene ni daktari wa mifugo anayekaa Karatina. Nilipiga simu. Haikutoka. Nikapiga tena na tena, wapi! Kwenye kisanduku chetu taa nyekundu ilikuwa imezimika, na nilijua mara moja ni nani aliyeangusha ndoo.

Nilikimbia. Nilipanda kile kilima nikipanga matusi njiani, nikiyachagua moja moja. Nilitaka kumwambia Mzee Hezekiah kwamba ng'ombe wetu akifa, aliyemuua ni yeye na woga wake wa taa. Nilisukuma mlango wake bila kupiga hodi.

Mzee alikuwa ameketi mbele ya kisanduku, miwani puani, simu mkononi. Kisanduku kilikuwa kimechomekwa vizuri. Hakikuwa na kitambaa. Hakuna aliyekuwa amekigusa.

"Mimi sijachomoa," alisema upesi, kama mtoto anayeogopa kuchapwa. "Stima ilirudi, nikaona inaandika kitu. Niko hapa tangu saa kumi na mbili. Inataka neno ya siri. Nimejaribu jina yako. Nimejaribu hata ya ng'ombe yenu. Imekataa."

"Kwa nini hukuniita?"

"Si ulisema nisiguse? Na ati sitaelewa? Nikaona nikija utanicheka tena."

Nilichukua simu yake badala ya kutukana. Niliandika neno la siri, nikakosea mara mbili, na mwishowe taa ikawaka. Munene alipokea simu papo hapo, akaja kwa pikipiki. Alifanya kazi zaidi ya nusu saa, mkono wote ndani, jasho likimtiririka. Nyakairu alipona. Ndama alitoka akiwa amekufa. Alikuwa wa kike.

"Mngeniita hata nusu saa mapema, huyu angekuwa amesimama saa hii," alisema Munene, akiosha mikono.

Cucu alimfunika ndama kwa gunia. Kisha akanigeukia. "Ni Hezekiah alichomoa ile kitu yake?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Kila mtu Gatwara angeniamini, maana nilikuwa nimewafundisha kuamini kwamba Mzee Hezekiah ni mjinga. Nilifungua mdomo, nikajiona mchafu kwa aibu.

"Hapana, Cucu. Ni mimi. Nilifunga visanduku vyote kwa neno la siri na sikumwambia mtu. Mzee aliniomba nimfundishe, nikamfukuza."

Cucu hakunichapa. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama maziwa yaliyoharibika, akaniambia niende nikamweleze mwalimu wangu.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Kasyoka, mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye ametoka Machakos na hana subira na upuuzi. Nilimpa pia lile daftari. Alisoma orodha yote polepole.

"Majina ishirini na tatu," alisema. "Wacera, ukinunua viatu vikikubana, utakata miguu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa mbona umekuwa ukikata watu miguu mwaka mzima? Mtu mmoja akishindwa, labda ni yeye. Watu ishirini na tatu wakishindwa, fundi ndiye hajui kazi. Maxwel hajui, na wewe umemfuata."

Alinipa adhabu ngumu kuliko viboko. Tulimpigia Maxwel simu, akatuonyesha jinsi ya kubadilisha programu, huku akilalamika kwamba tunampotezea wakati. Kila tulipobadilisha kitu, ilinibidi niende kwa Mzee Hezekiah, nimwombe akitumie, nami nisimame kando mikono mgongoni na mdomo nimeufunga. Sikuruhusiwa kumwonyesha wala kuguna. Pale alipokwama, niliandika kuwa ni kosa la programu.

Siku ya kwanza nilikaribia kuuma ulimi ukatoka damu. Mzee alikwama kwenye mstari wa kwanza kabisa. Nilitaka kupiga kelele, "Bonyeza hapo!" Lakini nilipolazimika kunyamaza na kutazama, niliona kile alichokiona yeye. Kitufe hicho hakikufanana na kitufe. Hata mimi nilikijua kwa sababu tu nilikuwa nimeambiwa.

Kazi hiyo ilichukua wiki tano. Tulitoa neno la siri, tukatoa na kitufe cha kufuta. Stima zikirudi, kisanduku kinaanza chenyewe bila maswali. Taa ikawa ya kijani. Mama Lynn alifuma kitambaa kipya chenye tundu kubwa katikati, akasema sasa kisanduku kinapumua na nyumba haina aibu. Ukurasa ukabaki na maandishi machache kwa Kiswahili. Mambo yakiwa sawa unasema: "Mtandao unafanya kazi." Yakiharibika unasema, kwa mfano: "Kisanduku cha Mutahi kimezimika. Mpigie hodi." Hilo la hodi lilikuwa wazo la Mzee Hezekiah. Tangu siku hiyo majirani huamshana wenyewe, na mimi siitwi.

Mwezi uliofuata Maxwel alikuja kuona. Tulikuwa nyumbani kwa Cucu, pamoja na Mwalimu Kasyoka na Mzee Hezekiah. Injinia alitazama ukurasa wetu kwa simu yake, akacheka.

"Si mmeifanya ya watoto! Watu wangesoma tu maagizo. Shida ya huku ni watu hawataki kutumia akili."

Nilishikwa na haya, kwa sababu sauti ile niliifahamu vizuri. Ilikuwa yangu.

Cucu hakubishana. Alimpa ndoo. "Kijana, chai inataka maziwa. Ng'ombe ndio hiyo."

Maxwel, kwa kiburi chake, aliichukua. Aliketi upande usiofaa, akavuta chuchu kama kamba ya kengele. Nyakairu alimpiga teke, ndoo ikaviringika hadi kwenye matope. Akajaribu tena. Hakupata hata tone. Mzee Hezekiah aligeuka kutazama migomba ili asicheke mbele ya mgeni.

"Cucu, hii ng'ombe yenu iko na shida," alisema Maxwel, suruali yake ikichuruzika matope.

"Ng'ombe haina shida," Cucu alimjibu kwa upole. "Na wewe si mjinga. Ni vile hakuna mtu amekuonyesha. Kuja hapa."

Akachuchumaa kando yake, akavishika vidole vyake, akavipanga kimoja kimoja juu ya chuchu. Punde maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo.

Mwalimu Kasyoka aliniinamia. "Umemsikia Cucu wako? Anayejua kitu na akakitumia kudharau wengine ni hasara kubwa kuliko asiyejua. Ungemwambia Mzee Hezekiah maneno hayo machache, zizi hili lingekuwa na ndama."

Nilitazama kona tupu ya zizi, kisha nikamwendea Mzee na kumwomba msamaha mbele ya wote.