Mkeka Chini ya Cheri

Ptuu! Shinobu aliziba pua kwa mkono wa sweta. Bustani ile ile aliyofanyia yoga msimu mzima wa baridi, nyasi zikiwa na jalidi na hewa ikiwa safi, leo ilinuka bia na matapishi. Cheri zilichanua juzi tu, na Osaka nzima ikashuka na maturubai yake ya buluu, kuketi na kunywa chini ya maua. Akakanyaga kipande cha ngisi wa kuchoma. Akakipangusa kiatu kwenye nyasi.

Ahadi yake na mpenzi wake Takuma ilikuwa jioni, mgahawani, ampe jibu la posa. Ila furaha ilimzidi, akavaa suruali yake ya zambarau, akaja anyooshe viungo kwanza.

Chini ya mti waliozoea kufanyia yoga pamoja, juu ya turubai, mwanamume mwenye suti alikuwa amelala kinywa wazi, tai imempanda sikioni.

"Takuma?"

Akakurupuka. "Shinobu! Mpenzi, umefuata nini hapa?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Si ulisema una mafua, hutoki kitandani hadi jioni?"

"Bosi kanituma nishike nafasi ya sherehe ya leo mchana. Mgeni kazini kama mimi ndiye anayelinda turubai, unajua mambo yetu. Nikaona aibu kukwambia, unavyowachukia hawa walevi wa maua."

"Kunidanganya ndiyo hukuona aibu?"

"Yaishe basi, kipenzi. Unavyonuna unazidi kupendeza."

Ndipo Shinobu alipouona mkeka wa kijani aliompa Takuma siku walipofanya yoga mara ya kwanza kwenye theluji. Ulikuwa umetandazwa pembeni, kifudifudi. Akainua ncha. Mungu wangu, ile harufu!

"Umefunikia matapishi mkeka niliokupa?"

"Ningefanyaje? Nilikuja nao kulalia. Usiku bosi mwenyewe, Mkuu Inagaki, kapita, kanywa, kachafukwa. Watu wakiyaona si ataumbuka? Ni mkeka tu, jamani, nitakununulia mwingine!"

"Ukome! Mwanamume mzima, unanitia kichefuchefu."

"Usiseme hivyo. Jioni tutaongea, utanipa jibu langu..."

"Jibu lilikuwa ndiyo, Takuma. Nimeamka nalo asubuhi, nikashindwa kukaa nyumbani."

Takuma akamshika mkono. Machozi yalimlengalenga. Simu ikalia mfukoni mwake; ni Inagaki.

"Usipokee," alisema Shinobu. Bado alimpenda, na hilo lilimuudhi kuliko uvundo wote wa pale. "Acha turubai lao. Twende zetu sasa hivi, tuyamalize."

Takuma aliitazama simu, akamtazama yeye. "Dakika moja tu, mpenzi." Akauachia mkono, akasimama wima, akainamisha kichwa kwa mtu asiyemwona. "Naam, mkuu! Nafasi ipo, hakuna aliyeigusa."

Shinobu akaondoka, akiruka makopo na walevi waliojikunja. Langoni akasimama, akajifanya anafunga kamba za viatu, akisikilizia miguu ya mtu anayekuja mbio. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Takuma hakuja; angekuja, turubai lingebaki bila mtu.