Mwenye Namba Aombe Mwenyewe

Dada yangu alipoajiriwa na ile kampuni ya kutafuta mambo mtandaoni, tulidhani atawekwa mbele ya kompyuta kama watu wa elimu yake. Wakampa hedifoni. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba kuna binadamu wanaoishi bila intaneti, ikawaonea huruma, ikawaanzishia huduma ya namba za simu kwa sauti: unapiga, unataja jina la mtu au duka, mashine inakuunganisha. Kazi ya dada ilikuwa kusikiliza kama mashine imesikia vizuri.

Mchana mmoja, baada ya chakula, akasikia sauti anayoijua. Mama. Alikuwa anamtaja kaka yetu mkubwa, fundi wa friji, tuliyemzika mwaka juzi.

"Subiri, nakuunganisha," mashine ikasema.

Ikaita. Ikapokelewa.

Dada alinisimulia jioni, jikoni, bomba likiwa wazi ili Mama asisikie. Waliongea mambo ya kawaida tu: amekula nini, magoti yanamsumbua bado. Aliyepokea alinong'ona, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Siku zilizofuata mnong'ono ule ukazidi kupata nguvu. Sauti ya Mama ikazidi kukauka. Tukasema mafua, tukampa maji ya moto na limau. Haikupita muda akawa anaomba chumvi kwa kunyoosha kidole.

Nikamsihi aache kupiga.

"Unataka nimkatie mwanangu simu?" Ilibidi niinamishe sikio ndipo nimsikie.

Dada akaenda kwa mkuu wa kitengo kuomba jina la kaka lifutwe.

"Utaratibu unataka mwenye namba aombe mwenyewe, kwa sauti yake," mkuu akasema. "Tukiwaachia watu wengine, kesho mwenye duka atakuja kumfuta jirani yake."

"Mwenye namba amefariki, bosi."

"Oh, poleni sana." Akafikiri. "Si lazima aje. Apige tu."

Hapo dada akafanya kosa ambalo ni mtu wa kitengo kile pekee angeweza kulifanya: akafuata utaratibu. Alingoja wenzake watoke kwenda kula, akaipigia ile huduma, akalitaja jina la kaka, akabonyeza kurekodi.

Mimi nilikuwa nyumbani na Mama. Simu yake nilikuwa nimeizima na kuifungia kabatini. Alikaa kitini, mikono mapajani, akiutazama ukuta.

Koo lake likaanza kwenda.

Midomo ilikuwa imefungwa. Koo tu, likipanda na kushuka, kama la mtu anayeongea. Nikamshika bega. La baridi. Hakugeuka.

Kisha likatulia.

Dada aliporudi hakuvua hata viatu. Akanivuta chumbani, akanisikilizisha ile rekodi. Nikamsikia yeye akiuliza: "Kaka, unakubali uondolewe?" Halafu: "Usinichoshe, mdogo wangu. Sauti yenyewe nimeazima." Halafu, neno baada ya neno: "Mimi, mwenye namba, naomba niondolewe."

Ilikuwa sauti ya Mama. Ile yake ya zamani, nzito, aliyokuwa akituitia kutoka uani.

Jina lilifutwa siku ileile, na mkuu akampongeza dada kwa rekodi safi. Ukilitaja leo, mashine inakuomba radhi kwa adabu zote. Mama anakula, anatembea, anatucheka kwa macho. Daktari alimmulika kooni, akasema hajaona tatizo lolote. Lakini neno hajatoa tena.

Nilimwambia dada yamekwisha, naye akataka kuamini. Ila mchana, Mama akishakula na kukaa kitini, koo linaanza kwenda, midomo imefungwa. Linakwenda muda mrefu. Linatulia kidogo, kama la mtu anayesikiliza akijibiwa. Halafu linaendelea.