Kiti cha Waikotare Hakijawahi Kubadilika

Kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu. Naapa. Kama nimeongeza chumvi hata chembe, paa la nyumba yangu livuje leo hii. Na mimi nilikuwa fundi wa mapaa, kwa hiyo mnajua ni aibu gani ninayojitakia.

Naitwa Merv Tuckwell. Nimeezeka nyumba za Waikotare tangu nilipokuwa kijana mpaka magoti yakakataa ngazi. Siku moja upepo wa kusini ulinibeba mimi pamoja na bati nililoshika. Ulinitua katika bustani ya mbunge wetu, naye anakunywa chai. Akanimiminia kikombe. Hiyo nayo ni kweli.

Sasa nimestaafu. Asubuhi nasimama kwenye uzio wangu na kikombe mkononi, nawasalimia wapita njia. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara ni Seini Lolohea, mama wa Kitonga, kutoka visiwani. Anafanya usafi hospitalini. Ana binti mdogo, Lupe, mwenye ugonjwa wa pumu. Kifua cha Lupe hakichagui siku. Kikibana Jumapili, Seini humbeba mbio hadi kliniki iliyo karibu na maduka.

Asubuhi moja Seini alivuka barabara uso umemkunjamana.

"Mzee Merv, umesikia? Kliniki wanataka iwe inafungwa kila Jumapili."

"Nimesikia."

"Sasa Lupe akibanwa nimpeleke wapi? Mjini? Atafika midomo imegeuka buluu." Alishika uzio wangu kwa mikono miwili. "Jana nilikwenda kwenye mkutano wa wagombea pale shule. Niliwauliza wote habari ya kliniki. Mmoja tu ndiye aliyenijibu swali nililouliza. Wengine walinieleza habari za barabara kuu. Basi nataka kupiga kura. Nifanyeje?"

Mimi nikacheka. Uzio wangu ulikuwa na bango kubwa la Desmond Ruddick, mbunge wetu wa siku zote, mwenye meno mengi. Nikaligonga kwa kidole.

"Mwanangu, usijisumbue. Kiti cha Waikotare hakijawahi kubadilika. Ni cha chama changu tangu enzi za kondoo. Hata ukimsimamisha kondoo kwa tiketi yetu, kondoo anakwenda Bungeni. Tena aliwahi kusimama mmoja."

"Kondoo?"

"Alikosa kura kidogo tu."

Seini hakucheka. "Kwa hiyo kura yangu haina kazi?"

"Ukitaka, kapige. Utapewa karatasi yenye sehemu mbili. Ya kwanza unamweka unayempenda sana. Ya pili unamweka unayempenda kidogo, kama akiba. Lakini wewe huna pasipoti ya hapa, sivyo? Basi hawatakuruhusu."

Seini aliinamisha kichwa, akageuka aende zake.

"Seini! Rudi hapa!"

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya ua wa maua wa nyumba ya pili. Hapo anakaa Ngaire Tumoana. Ni mwanamke wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, na hajaniacha nisahau. Kila uchaguzi huajiriwa kusimamia meza kwenye kituo cha kupigia kura. Alikuja na mkasi wa bustani mkononi.

"Merv, mdomo wako unahitaji kizibo," alisema. "Mambo matatu umemwambia, na yote matatu umekosea. Ungekosea moja angalau tungesema bahati mbaya."

"Mimi najua jimbo hili kuliko wewe! Nimelitembea kwa juu!"

"Na ulianguka mara ngapi? Kwa kichwa?" Akamgeukia Seini. "Mama Lupe, una kibali cha kuishi hapa moja kwa moja?"

"Ninacho. Nimeishi hapa miaka kumi na miwili."

"Basi unaruhusiwa kupiga kura. Nchi hii haidai pasipoti yake. Inatosha uwe na miaka kumi na minane, uwe na kibali cha kudumu, na uwe umewahi kukaa hapa mwaka mzima mfululizo. Lakini lazima ujiandikishe kwanza, na usingoje dakika ya mwisho. Leo jioni njoo kwangu, nikusaidie kujiandikisha."

"Na ile kura ya akiba?"

"Hakuna kura ya akiba. Sikiliza. Karatasi ni moja, kura ni mbili. Upande wa kushoto unachagua chama. Hiyo ndiyo inayoamua kila chama kitapata viti vingapi Bungeni. Upande wa kulia unachagua mtu. Huyo ndiye atakayekuwa mbunge wa jimbo letu, wa kwenda kumgongea mlango. Kura hizi hazitegemeani. Unaweza kuchagua chama kimoja na mtu wa chama kingine. Hakuna atakayekuuliza."

Seini alirudia taratibu. "Kushoto chama. Kulia mtu."

"Umeshamzidi Merv."

Nikaona naaibishwa kwenye uzio wangu mwenyewe. Nikasema, "Sawa, sawa. Lakini kiti hakijabadilika. Hilo hulikwepi."

"Tuweke dau?"

"Weka!"

"Kama kiti hiki kimewahi kubadilika, au kikibadilika mwaka huu, utakata nyasi za kando ya barabara, mtaa mzima."

Hapa kwetu, kati ya njia ya miguu na barabara, kila nyumba ina ukanda wa nyasi. Nyasi hizo si za mwenye nyumba, ila mwenye nyumba ndiye anayezikata. Hakuna ugomvi unaodumu mtaani kwetu kama ugomvi wa nyasi hizo.

"Na nikishinda?" niliuliza.

"Nitakata mimi, na nitasema hadharani kwamba Merv Tuckwell alisema kweli. Sijui ipi itakuwa kazi ngumu zaidi."

Tukapeana mikono. Seini ndiye shahidi.

Kesho yake Ngaire alitupeleka maktaba. Ukutani pana picha za wabunge wote wa Waikotare, kuanzia wa kwanza. Nilikuwa nimeingia maktaba ile mara nyingi, lakini kwa juu.

"Huyu ndiye wa kwanza," Ngaire alisema. "Mfuga kuku. Wakati huo hapa palikuwa mashamba, na mashamba yaliwapa kura wale wengine, siyo chama chako. Kisha serikali ikajenga nyumba za wafanyakazi. Watu wakaja, kiti kikaenda kwa chama chako. Kisha watu wakachoka na bei za vitu, kiti kikarudi kwa wale wengine. Huyu mwenye masharubu alikuwa wa chama kidogo. Alikaa muhula mmoja."

"Huyo simkumbuki," nikasema.

"Alikaa nyuma ya nyumba yako."

Seini alinyoosha kidole. "Mbona hapa pana pengo? Hakuna picha."

"Hapo jimbo lilifutwa," Ngaire alisema. "Chaguzi mbili hapakuwa na Waikotare kabisa. Mtaa wetu uligawiwa jimbo jirani. Watu walipoongezeka, jimbo likarudishwa. Merv, wewe unasema umepiga kura Waikotare maisha yako yote. Chaguzi hizo mbili ulipigia wapi? Bafuni?"

Mkutubi aliziba mdomo kwa kitabu. Mimi nikasema picha zile zimepangwa vibaya. Nikasema pia kwamba mambo ya kale hayahesabiki katika dau, ni uchaguzi huu tu unaohesabika. Ngaire alikubali, kwa namna ambayo haikunifurahisha.

Lakini Seini hakuwa akitusikiliza. Alikuwa bado anatazama ukuta.

"Kumbe kinabadilika," alisema.

"Kinabadilika watu wakienda kupiga kura," Ngaire alijibu. "Asiyekwenda hatujui alitaka nini."

Wiki zilizofuata niliendelea kulilinda bango langu. Siku moja walikuja vijana wawili wenye fulana za chama changu. Wakaanza kufungua skrubu za bango. Nikawafungulia maji ya mpira wa bustani. Nilijua ni wezi wa wale wengine waliojivika fulana zetu.

"Mzee, sikiliza kwanza!" mmoja alilia huku akichuruzika. "Uzio wako haumo tena!"

"Uzio wangu uko palepale tangu nilipoujenga!" nikamwambia, nikaongeza maji.

Wakakimbia. Bango likabaki.

Kupiga kura huanza siku kadhaa kabla ya siku yenyewe, ambayo ni Jumamosi. Seini huwa kazini Jumamosi, kwa hiyo alitaka kwenda mapema. Nikamsindikiza ili asipotee, maana mimi ndiye mzoefu. Tulikwenda ukumbi wa kanisa. Ngaire alikuwa amekaa kwenye meza, miwani puani, uso wa kazi.

"Sasa, Ngaire!" nikapaza sauti. "Tumekuja kumpa Ruddick..."

"Shh! Humu ndani jina la mgombea halitajwi. Ukitaka kampeni, kaifanye kwako na mpira wako wa maji."

Watu wakageuka kunitazama. Kumbe habari zile zilikuwa zimefika.

Seini alitangulia. Alitaja jina na mahali anapokaa. Ngaire alifuatisha daftari la wapiga kura kwa rula, akalipata jina, akachora mstari. Akampa karatasi. Seini akaenda kwenye kibanda cha kadibodi. Alikaa humo kitambo. Mabega yake yalikuwa yamenyooka. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na nadhani kilikuwa "kushoto chama, kulia mtu". Alipotumbukiza karatasi kwenye sanduku, aliibonyeza kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Ikawa zamu yangu.

"Mervyn Tuckwell," nikasema, kama vile hanijui.

Rula ikashuka. Rula ikapanda. Ngaire akafunua ukurasa wa pili, akarudi.

"Humo daftarini."

"Nimo."

"Humo, Merv."

"Seini yumo, mimi nisiwemo? Mimi niliyeezeka jimbo zima?"

Ngaire alivua miwani. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Baada ya sensa, mipaka ya majimbo huangaliwa upya ili kila jimbo liwe na watu wanaokaribiana kwa idadi. Kwetu huku watu wameongezeka. Safari hii mpaka umepita katikati ya barabara yetu. Upande wa Seini na wangu ni Waikotare. Upande wako sasa ni jimbo la Tawapuke. Nilikuambia mara mbili, ukaniambia naota. Wale vijana nao walikuja kuliondoa bango kwa sababu hiyo."

"Lakini wewe unakaa nyumba ya pili kutoka kwangu!"

"Ya pili upande wa kwangu wa barabara, Merv. Umezoea kunipigia kelele kutoka ng'ambo hii hadi ile mpaka umesahau kuna barabara."

Nikasimama. Kwa muda wote huo nilikuwa nimelinda bango la mtu ambaye siwezi kumpigia kura.

"Nenda meza ile," Ngaire alisema. "Ni ya Tawapuke."

Nilikwenda. Jina langu lilikuwemo. Nikatazama karatasi. Upande wa chama niliujua. Upande wa watu, sikumjua hata mmoja.

Seini alinisogelea, lakini hakukaribia kibanda. "Mzee Merv, kama huwajui, usibahatishe. Bado kuna siku. Mrudishie karatasi, nenda nyumbani kasome habari zao, kesho urudi. Na uwaulize. Mimi niliwauliza wa kwangu."

Basi nikamrudishia karatasi msimamizi wa meza ile, akaandika kwamba bado sijapiga kura, nikaenda kusoma. Jioni niliwapigia simu wagombea wawili wa Tawapuke. Mmoja alipokea mwenyewe. Kesho yake nilirudi, nikapiga kura zangu mbili, nikijua ninachofanya. Sitawaambia nilimpa nani. Kura ni siri. Hata Seini sijui alimpa nani, na nimemuuliza kwa hila za kila aina.

Siku ya kuhesabu, Ruddick aliongoza Waikotare. Nikampelekea Ngaire mashine yangu ya kukata nyasi mpaka mlangoni kwake.

"Bado," alisema. "Kuna kura za waliopigia mbali na jimbo lao. Hizo huhesabiwa baadaye."

Zilihesabiwa. Matokeo rasmi yakatoka. Ruddick ameanguka kwa kura thelathini na moja. Mbunge mpya anaitwa Joanna Thewlis. Kura hizo ni watu ambao wangejaa basi moja la shule.

Seini alisoma namba ile kwenye simu yake, akaisoma tena. Ijumaa iliyofuata alikwenda ofisi ya Bi Thewlis pamoja na akina mama watano wa mtaani. Hakwenda kuomba. Alisema, "Mimi ni mpiga kura wa jimbo hili," akaketi. Akarudi Ijumaa nyingine, na nyingine tena. Mbunge alikuja kliniki, akakaa Jumapili nzima kwenye viti vya kungojea, akaona. Akaisemea Bungeni, akaisemea kwa wakubwa wa afya. Leo kliniki inafunguliwa Jumapili. Mwezi uliopita Lupe alibanwa, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshavutishwa dawa na anauliza kama kuna pipi.

Nami nililipa dau langu kama mwanaume. Nilikata nyasi za mtaa mzima, pande zote mbili, siku ileile ya matokeo rasmi.

"Mzee Merv."

Ni Seini. Amekuja kuniletea mkate wa nazi, na sasa anasoma nyuma ya bega langu.

"Mbona hapa umeandika umekata pande zote mbili? Kwangu nyasi zinamfika Lupe magotini."

"Nilikata upande wangu. Upande wako ni jimbo la watu wengine."

"Ngaireee!" Seini ameita. "Njoo uone alichoandika Merv!"

Nasikia lango la Ngaire. Nasikia viatu vyake vikivuka barabara. Amefika, amesoma, amevua miwani.

"Mpaka wa jimbo ni wa kura, Merv, siyo wa nyasi," amesema. "Simama."

Nimesimama. Ngaire amenishikia karatasi, Seini amenisukumia mashine. Wengine mtaani wameanza kutoka na viti vyao, waje watazame.