Simbilisi Wawili wa Sydenham

Jumamosi soko la Warwick, mjini Durban, halina hata pa kuweka mguu. Zénon, Mrundi muuza mboga, alikuwa akikata majani ya karoti na kuyatupia kwenye gunia, mara akasikia sauti juu ya kichwa chake.

"Hayo unatupa? Aki nipatie mimi."

Akainua macho. Dada mrefu, gauni la njano, hereni za shaba zinazocheza kila akigeuka, na mkononi mfuko mtupu. Zénon akamwonea huruma: mtu amependeza hivi, kumbe anakula takataka! Akamjazia mfuko majani, kisha akaficha chini yake kabichi na nyanya sita.

"Chukua, dada. Hakuna kulipa. Hata mimi nilipofika Durban nilikuwa hivyo hivyo."

Yule dada akaona nyanya, akaelewa, akaangua kicheko mpaka wauzaji wa jirani wakageuka. "Eish! Umeona nina njaa? Haya ni ya simbilisi wangu!"

Ndivyo walivyojuana. Nyanchama, Mkenya, alifundisha takwimu chuo kikuu. Nyumbani kwake Sydenham alilea simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia. Kikundi cha uokozi kiliwatoa kwa watu waliowatesa au kuwatelekeza, kikamletea. Aliwatibu, akawanenepesha, mpaka apatikane mtu wa kuwachukua kabisa.

Simu zikaanza.

"Allô, chérie, mpenzi wangu. Watoto wamekula?"

"Wamekula. Mama yao ndiye bado."

"Basi niko njiani. Iko samaki hapa."

Miezi mitatu baada ya kujuana, Zénon alikuwa na ufunguo wa nyumba ile, na simbilisi wakisikia hatua zake ngazini walipiga kelele kwa furaha. Wengi walikuja wakaenda. Wawili tu, Profesa mwenye jicho moja na mwenzake Malkia, walikaa miezi mitano. Wazee, hakuna aliyewataka.

Hatimaye akapatikana Belinda, mama mmoja wa Greyville. Siku ya kuja kuwachukua, Nyanchama alikuwa na mtihani wa kusimamia chuoni, akamwachia Zénon kazi ya kuwakabidhi. Asubuhi hiyo Zénon alimkuta akifua vitambaa vyao vya kulalia, machozi yakidondokea kwenye beseni.

Belinda alipobisha hodi, Zénon alishikilia mlango nusu. "Pole, mama. Wameshachukuliwa."

Jioni Nyanchama aliingia, akawaona Profesa na Malkia wanatafuna nyasi. "Belinda hakuja?"

"Alikuja. Nilimwambia wameenda. Nilikuona unalia, chérie, nikadhani..."

"Ulidhani! Miezi mitano nawatafutia makao, Zénon, na wewe umefunga mlango!"

"Unamlea mtu, anakuzoea, kisha unampa watu. Ni moyo gani huo?"

Nyanchama akamtazama. "Mtu? Hapa tunamzungumzia nani?"

Nyanchama akanyoosha mkono, akataka ufunguo wake.

Wiki mbili zikapita bila simu. Zénon aliuza mboga kama mgonjwa, mara anarudisha chenji isiyo sawa, mara anaitikia asiyeitwa. Lile swali la Nyanchama lilimkaa rohoni. Mwishowe akampigia Mama Libérate, Bujumbura. Mama huyo alimlea katika kambi ya wakimbizi Tanzania tangu ana miaka minne mpaka saba, kisha akampa mjomba wake. Zaidi ya miaka ishirini Zénon alimsalimia kila Krismasi, na hakuwahi kumuuliza.

"Mama, mbona ulinitoa?"

"Mjomba wako alitembea siku nne anakutafuta. Ningekuficha, mwanangu? Nilifua nguo zako zote, nalia huku nafua. Kisha nikakupa."

Zénon akaketi juu ya gunia la viazi. Alikaa pale mpaka mteja akaondoka kwa kuchoka kungoja. Halafu akaomba namba ya Belinda kwa kikundi cha uokozi, akampigia, akamwambia ukweli wote bila kujitetea.

"Ulinirudisha na kizimba kipya mkononi," Belinda akasema kwa ukali. Kisha, taratibu: "Bado kitupu."

Simu ya tatu ilikuwa ya kumpigia Nyanchama. "Usikate. Belinda anakuja kesho saa nane. Mimi, kama hutaki, siji."

"Njoo," alisema. "Malkia hakubali kushikwa na mtu mwingine."

Kesho yake Zénon aliwakabidhi kwa mikono yake. Akamwonyesha Belinda namna ya kumkaribia Profesa kutoka upande wa jicho zima, asishtuke. Gari lilipoondoka, chumba kilikuwa kimya ajabu. Wakaketi sakafuni kwenye mabaki ya nyasi, na Zénon akamsimulia kila alichoambiwa na Mama Libérate. Nyanchama alimshika mkono hadi mwisho.

"Na mimi, chérie? Unanilea tu mpaka apatikane mwenyewe?"

"Wewe una mwenyewe." Akapangusa pua. "Mpigie huyo mama yako. Muulize kama anaogopa kupanda ndege."

"Aje kufanya nini?"

"Zénon! Mtoto wake aoe yeye hayupo?"

Zénon akapapasa mfukoni kutafuta simu, akaitoa, ikamponyoka. Nyanchama ndiye aliyeiokota, akabonyeza jina la Mama Libérate, akaanza kumwamkia.