Sauti ya Tano

Asubuhi ile Melkiadi alipokwenda kukusanya karatasi za nota alizoziacha zikauke mezani, aliona mistari ambayo hakuiandika.

Alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia huko Kibondo, na mwandiko wake ulisifiwa mpaka Kasulu. Nyimbo za Krismasi ya mwaka ule wa 1976 alizinakili kwa mkono, sauti nne, moja chini ya nyingine. Sasa chini ya sauti ya nne palikuwa na ya tano: mistari imenyooka, nota zimepangwa vizuri, na mwandiko ni wake mwenyewe. Karatasi ilinuka ubani na udongo wa shimo lililofukuliwa punde.

"Mama Esteri, umegusa karatasi zangu?"

"Niguse nini, mimi nisiyejua hata kuzisoma?" Winifrida, mkewe, alimjibu kutoka jikoni.

Alichukua mkasi akakata vile vipande vya chini, akavitia motoni. Alijiambia ni uchovu tu. Lakini moyo ulimwenda kwenye ule wino.

Wiki mbili nyuma alikwenda Kasulu kutafuta kalamu na wino. Krismasi iliyopita mvua iliwanyeshea waimbaji njiani, wino wa bluu ukayeyuka, na wimbo ukawafia midomoni mbele ya kanisa zima. Dukani kwa Isihaka, mtu ambaye ukoo wake ulitoka Ujiji, alijaribu kila kilichokuwepo. Kalamu ya Biki ilichora mikia mizuri lakini vichwa vya nota ilivikwaruza tu. Ya kujaza wino ilivuja. Ya kuchovya, yenye nibu pana, ndiyo iliyomridhisha: ukiilaza inatoa kichwa kilichonona, ukiisimamisha inatoa mkia mwembamba kama unywele. Ukabaki wino. Wa bluu ulitoka kwa tone moja la maji, wa zambarau ulisambaa. Ndipo alipoiona chupa ndogo juu ya rafu, imezibwa kwa nta.

"Hiyo siyo ya kuuza, Mwalimu," Isihaka alisema. "Ni ya marehemu kaka yangu, Abdalah. Alikuwa mganga, akiwaandikia wagonjwa makombe, yale maandishi ya kuoshwa kwa maji na kunywewa. Aliniusia nisiifungue."

"Nijaribu nota moja tu, ndugu yangu."

Nta ikabanduliwa. Nota ilitoka nyeusi, inang'aa, na alipoisugua kwa kidole chenye mate haikufutika. Kuruthumu, mke wa Isihaka, alitokeza kichwa nyuma ya pazia.

"Baba Khatibu, usimpe mtu kitu hicho."

Melkiadi alisihi, akaitaja Krismasi, akamtaja Mungu, mpaka Isihaka akatazama pembeni na kumwachia chupa.

Jumamosi mchana kwaya ilikusanyika kanisani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Waliimba ubeti mmoja, na Pasikali, aliyeongoza besi, akageuka nyuma.

"Mwalimu," alinong'ona, "nani anaimba chini yetu?"

"Endeleeni."

Wakaendelea, na sasa kila mtu aliisikia, sauti nzito iliyotambaa chini ya besi kama maji chini ya mkeka, bila maneno, na harufu ya ubani ikajaa kanisa ambalo chetezo chake kilikuwa hakijawashwa tangu Jumapili, na waimbaji wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, wakitazamana, hadi akabaki Winifrida peke yake, yeye aliyezoea kuimba kwa kusikiliza wenzake tu, karatasi mkononi, macho yamekazwa pale ilipokatwa na mkasi, kinywa wazi, na ile sauti, sauti ya dume zee, ilikuwa inatoka kwake.

Melkiadi alimpokonya karatasi. Tangu saa ile Winifrida hakutamka neno. Akiitwa, aliimba. Akipewa chakula, aliimba.

Alfajiri Melkiadi alipanda lori la kwanza kwenda Kasulu. Isihaka alipomwona usoni, alikaa chini.

"Abdalah alimfunga jini kwenye wino ule," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniambia ukikauka chupani, naye atakauka. Nami nilidhani ni maneno ya wazee. Mwalimu, wewe umemwandikia wimbo, na wimbo lazima upate kinywa."

Alimpeleka kwa Bi Mwamvua, mganga aliyefundishwa na Abdalah. Mama huyo hakupoteza muda. Alifika Kibondo siku iyo hiyo. Alimshika Winifrida kichwani, akasoma, akamfukiza, na jini hakujibu. Akamgeukia Melkiadi.

"Huyu hayuko hapa tu. Nakala ziko ngapi?"

"Nane. Tano ninazo. Tatu za mwanzo nilizipeleka wiki iliyopita kwa katekista wa Kitahana, kwa kwaya yao."

"Kesho twende. Zikipatikana zote, nitamrudisha chupani."

Walifika Kitahana kesho yake, jua likiwa bado juu. Katekista Leonidasi aliwalaki mlangoni, akawakabidhi karatasi zote tatu, safi, hazijakunjwa. Bi Mwamvua akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi."

"Hatuzihitaji tena, Mwalimu," Leonidasi alisema kwa furaha. "Tumeushika wote kwa kichwa, na watoto pia. Ile sauti ya chini ndiyo wanayoipenda."

Kutoka shamba la maharage ng'ambo ya bonde, wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua uso kwa pamoja, na ikapanda ile sauti, nzito, ya kifua kimoja. Bi Mwamvua alizitazama karatasi mkononi mwake, akazirudisha kwa Melkiadi.

"Kwenye karatasi ningemtoa," alisema. "Kwenye vifua vya watu, baba, sina dawa." Akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Krismasi padri alisoma misa isiyo na wimbo. Kufikia Januari, Kitahana wanawake saba hawakuweza tena kuwaita watoto wao kwa majina.

Mwezi wa pili Esteri, binti yao wa darasa la tatu, alirudi kutoka shuleni asijibu salamu. Melkiadi alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamsihi aseme chochote, hata jina lake tu.

Mtoto alimtazama, akavuta pumzi ndefu, akaanza kuimba.